Kivu: Nani Amlinde Raia, na Nani Amlinde Anayemletea Msaada?

Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini mashariki mwa Congo, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, watu waliulizana maswali yaleyale, iwe ni Goma kwenyewe, Dar es Salaam au Nairobi. Umoja wa Mataifa umekuwa na jeshi Congo tangu 1999; miaka yote hiyo limekuwa likilinda nini? Askari wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Watanzania wakiwamo, walikwenda kupigana au kulinda amani? Mashirika ya misaada yanayozungumza na waasi yako upande wa nani? Na kama vita vina sheria, mbona mkimbizi anauawa kwa bomu ndani ya hema lake?

Majibu mengi yalitolewa kwa hasira, na hasira hiyo ina haki yake. Hata hivyo, maswali hayo yamefunga pamoja mambo yanayopaswa kutenganishwa. Kumkinga raia kwa silaha ni kazi moja. Kumfikishia chakula, maji na dawa huku mapigano yakiendelea ni kazi nyingine, na usalama wa anayeifanya unatoka kwingine kabisa. Mashariki mwa Congo kazi hizi mbili zimechanganywa kwa miaka mingi, mara nyingine kwa nia njema, na mchanganyiko huo umezidhoofisha zote mbili.

Sheria inasema nini

Msingi ni Mikataba minne ya Geneva ya 1949 na Itifaki zake za 1977. Vita vya Kivu vikihesabiwa kuwa vya ndani, vinatawaliwa na Kifungu cha 3 kinachojirudia katika mikataba yote minne, pamoja na Itifaki ya Pili. Jeshi la nchi nyingine likishiriki, sheria za vita kati ya mataifa nazo zinaingia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa wakipigana bega kwa bega na M23. Kigali inakana kuwaunga mkono waasi, ikisema inachukua hatua za kujihami dhidi ya FDLR, waasi wa Kinyarwanda walioko Congo. Kwa mama aliyekimbia Rutshuru na watoto wake ubishi huo hauna uzito mkubwa, kwa kuwa kote kanuni ni ileile: asiyepigana asishambuliwe, na anayepigana ajitenge na asiyepigana.

Nusu ya pili ya kanuni hiyo ndiyo inayosahauliwa. Katika mwaka 2024 kambi za wakimbizi wa ndani zilizoizunguka Goma zilikuwa zimejaa pomoni, na mashirika ya misaada yalilalamika mara kwa mara kwamba mizinga ya jeshi la Congo na washirika wake ilikuwa imetegwa jirani na mahema. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia makazi ya wakimbizi upande wa Mugunga na Lac Vert na kuua watu zaidi ya kumi, watoto wakiwamo. Marekani ilinyoosha kidole kwa M23 na jeshi la Rwanda, Rwanda ikakana. Aliyefyatua ana lawama yake. Aliyeweka mzinga pale naye ana yake, na lawama ya mmoja haimwoshi mwenzake.

Je, mtoa misaada ana kinga ya pekee? Kisheria yeye ni raia kama raia wengine. Wahudumu wa afya na nembo ya Msalaba Mwekundu wamepewa ulinzi wa ziada. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unaliita uhalifu wa kivita tendo la kuwashambulia kwa makusudi watumishi wa misaada ya kibinadamu au walinda amani, lakini kwa sharti moja: wawe bado wanastahili ulinzi wa raia. Mlinda amani anayetumwa kushambulia kundi fulani hastahili tena ulinzi huo wakati anapopigana. Sharti hilo ni fupi, lakini ndani yake umo mgogoro mzima wa Kivu.

Sheria, kwa hiyo, haikosekani. Anayekosekana ni wa kuisimamia. Mwaka 2024 watoa misaada 383 waliuawa duniani, wengi wao Gaza na Sudan, na karibu wote walikuwa wenyeji wa nchi zilizokuwa vitani. Mwaka huohuo, mwezi Mei, Baraza la Usalama lilikuwa limepitisha azimio namba 2730 la kuwalinda. Azimio halimzuii mtu aliyeshika bunduki na anayejua kwamba hakuna atakayemuuliza.

Hoja ya kwanza: bunduki ijibiwe kwa bunduki

Wenye hoja hii wana historia chungu ya kuitetea. Tangu azimio namba 1291 la mwaka 2000, kikosi cha Umoja wa Mataifa Congo, ambacho baadaye kiliitwa MONUSCO, kilikuwa na idhini ya kutumia nguvu kuwalinda raia wanaokabiliwa na hatari ya papo hapo. Novemba 2008 wapiganaji wa kundi la waasi la CNDP waliwaua watu wapatao 150 mjini Kiwanja, na kambi ya walinda amani ilikuwa umbali usiofika kilomita moja. Mwaka 2014 wakaguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa walipitia taarifa za vikosi vyake kadhaa duniani. Kati ya matukio 507 ya raia kushambuliwa au kutishiwa yaliyoripotiwa kati ya 2010 na 2013, ni 101 tu yaliyopata jibu la haraka. Yaani moja katika matano.

M23 walipoiteka Goma kwa mara ya kwanza, Novemba 2012, walinda amani walitazama. Aibu hiyo ndiyo iliyozaa azimio namba 2098 la Machi 2013 na Brigedi ya kuingilia kati, maarufu kwa kifupisho chake FIB: askari wapatao 3,000 wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wake wa kwanza akiwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa jeshi la Tanzania, JWTZ. Lilikuwa jambo geni kwa Umoja wa Mataifa kukituma kikosi cha walinda amani kwenda kuwasaka na kuwanyang'anya silaha waasi. Kufikia Novemba 2013 M23 ilikuwa imeshindwa.

Ushindi huo umenukuliwa mno na kuchambuliwa kidogo. Mizinga ya brigedi ilisaidia, hilo halina ubishi. Lakini mwaka huohuo M23 ilikuwa imegawanyika yenyewe kwa yenyewe, mmoja wa vigogo wake, Bosco Ntaganda, alikuwa amejisalimisha katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali, wafadhili walikuwa wamezuia sehemu ya misaada yao kwa Rwanda, na nchi za ukanda zilikuwa zimetia saini makubaliano ya Addis Ababa ya Februari 2013. Kundi lilipigwa wakati mgongo wake umeshakatwa. Anayetaka kurudia ushindi wa 2013 kwa kupeleka brigedi peke yake anairudia nusu tu ya habari.

Nusu iliyobaki ilionekana Beni. Waasi wa huko, ADF, ni kundi la msituni, lisilo na mji wa kulinda wala mfadhili wa kubanwa kwa urahisi. Linaposhambuliwa halipambani na jeshi, linageukia wakulima. Jeshi la Congo lilipoanza operesheni kubwa mwishoni mwa Oktoba 2019, ADF iliua raia mamia katika wiki zilizofuata, na Novemba 25 wananchi wenye ghadhabu waliivamia kambi ya MONUSCO mjini Beni. Miaka miwili kabla, tarehe 7 Desemba 2017, kundi hilo lilikuwa limeshukiwa kuishambulia kambi ya walinda amani ya Semuliki, ambako askari 15 wa Tanzania walipoteza maisha. Katibu Mkuu António Guterres alilitaja kuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo.

Hapa ndipo penye hesabu ngumu ambayo wanasiasa huikwepa. Operesheni ya kijeshi hupimwa kwa maeneo yaliyokombolewa na waasi waliouawa. Raia hupima kwa jambo jingine: je, adui akirudi kulipiza kisasi usiku wa tatu, kuna askari aliyebaki kijijini? Congo ina ukubwa wa kilomita za mraba milioni 2.3, na kikosi cha Umoja wa Mataifa hata kilipokuwa kikubwa kabisa hakikuzidi sana askari 20,000. Mashambulizi bila ukaaji humwacha mkulima akilipa deni ambalo si lake.

Lakini walinda amani nao watendewe haki. Watafiti Lisa Hultman, Jacob Kathman na Megan Shannon, katika utafiti wao wa 2013 kuhusu vita vya Afrika, walionyesha kwamba Umoja wa Mataifa unapoongeza askari na polisi, mauaji ya raia hupungua. Kwa hiyo wanaosema MONUSCO haikufanya lolote wanakosea. Watu wengi wamepona kwa kukimbilia kwenye ua wa kambi zake, na vifo ambavyo havikutokea haviingii katika takwimu. Tatizo la MONUSCO ni kwamba watu waliahidiwa mengi kuliko yale iliyoweza kuyatimiza.

SADC nayo iliirithi ahadi hiyo. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kilichoingia Novemba 2022, kilifungishwa virago Desemba 2023 kwa sababu Kinshasa ilitaka kipigane na M23 nacho hakikuwa tayari. Nafasi yake ikachukuliwa na SAMIDRC, kikosi cha Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, chenye agizo la kupigana lakini kisicho na ndege wala askari wa kutosha kufanya hivyo. Januari 2025 askari wa nchi zote tatu walikufa, 14 kati yao wa Afrika Kusini. Machi 13 SADC ikaamua kukiondoa. Kikosi cha kwanza kilikuwa na nguvu bila nia, cha pili nia bila nguvu, na Goma haikupata mlinzi kwa chochote.

Hoja ya pili: kinga ya kutoegemea upande

Upande wa pili wanasimama Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (ICRC), Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) na wenzao. Hoja yao ni kwamba mtoa misaada halindwi na bunduki bali na kukubalika. Kila mwenye silaha barabarani, awe mwanajeshi, mwanamgambo wa Wazalendo au M23, anamruhusu kupita kwa sababu anajua gari lile halibebi risasi, halipelekei adui habari, na kesho litamtibu hata yeye.

Mfano mzuri kuliko yote ulitokea Goma yenyewe. Mji ulipoanguka, mamia ya askari na polisi wa Congo walijisalimisha kwa MONUSCO na kukwama ndani ya kambi zake pamoja na familia zao, wakizungukwa na M23. Hakuna jeshi lililoweza kuwatoa. Kuanzia Aprili 30, 2025 walisindikizwa na ICRC hadi Kinshasa, wakipita katika maeneo ya waasi, baada ya pande zote kukubaliana. Waliokuwa wakililaumu shirika hilo kwa kuzungumza na waasi hawakulalamika siku hiyo.

Lakini hoja hii ina udhaifu ambao wenyewe hawapendi kuutaja kwa sauti. Kwanza, kukubalika kunategemea kuwapo kwa mtu wa kukukubali. Aprili 2001 wafanyakazi sita wa ICRC waliuawa Ituri wakiwa katika magari yenye nembo. Februari 2021 balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliuawa pamoja na mlinzi wake na dereva Mkongo wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) katika msafara wa shirika hilo kaskazini mwa Goma, kwenye barabara iliyohesabiwa kuwa salama kiasi cha kutohitaji kusindikizwa. Mazungumzo humfikia kamanda mwenye amri juu ya watu wake. Jambazi wa kizuizini hana kamanda wa kupigiwa simu, na Kivu ina makundi yenye silaha zaidi ya mia.

Pili, msaada hulisha pia wasiostahili. Kivu iliujua ukweli huu kabla ya sehemu nyingine nyingi. Mwaka 1994 Wanyarwanda wapatao milioni moja walimiminika Goma, na ndani yao walikuwamo wanajeshi na wanamgambo walioendesha mauaji ya kimbari. Wauaji walizitawala kambi, wakagawa chakula, wakajipanga upya. Novemba mwaka huo tawi la Ufaransa la MSF liliamua kuondoka, likisema halitakuwa mshirika wa hali hiyo. Matawi mengine yalibaki kwa muda, yakisema mtoto mwenye kipindupindu hana hatia. Wote walikuwa na hoja. Dunia haikuwatenganisha wauaji na wakimbizi, kazi ambayo watoa misaada wasingeiweza, na vita vilivyoanza 1996 vilizitawanya kambi hizo kwa gharama ya maisha ya watu wengi sana.

Pale kazi mbili zilipochanganywa

Mlipuko wa Ebola wa Agosti 2018 hadi Juni 2020 unastahili kutazamwa kwa makini kuliko vita vyenyewe, kwa sababu unaonyesha mchanganyiko huo unavyofanya kazi. Ugonjwa uliua watu 2,287, wengi wao Kivu Kaskazini, katika maeneo ya Beni, Butembo na Katwa ambako wananchi, hasa wa Beni, walikuwa wamechinjwa kwa miaka minne bila dunia kushtuka. Ghafla yakaja magari, fedha na wataalamu. Desemba 2018 uchaguzi wa rais ukaahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu, na kura zao zikawa hazina maana kwa kuwa rais aliapishwa kabla hawajapiga. Mwananchi akajiuliza ugonjwa huu ni wa nani.

Vituo vya matibabu viliposhambuliwa, jibu lilikuwa askari na polisi zaidi. Timu za chanjo na za mazishi zikaanza kufika zikisindikizwa na watu wenye bunduki, baadhi yao kutoka vikosi vilevile ambavyo wenyeji waliviogopa. Februari 2019 vituo vya MSF vya Katwa na Butembo vilichomwa, shirika likasimamisha kazi pale. Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kutoka Cameroon aliuawa ndani ya hospitali Butembo. Ulinzi uliongezwa na hatari ikaongezeka pamoja nao.

Chanzo kingine hakionekani barabarani kwa sababu kiko ofisini. Mratibu wa misaada ya kibinadamu wa Umoja wa Mataifa nchini Congo ndiye huyohuyo naibu mkuu wa MONUSCO. Kwa hiyo ofisi inayoomba kundi fulani liruhusu lori la unga lipite inakaa chini ya uongozi mmoja na brigedi iliyoagizwa kulivunja kundi hilo. Magari ni meupe, herufi ni UN, iwe ni ya WFP au ya askari. Julai 2022 maandamano dhidi ya MONUSCO yalipolipuka Goma na Butembo na watu kadhaa kuuawa, walinda amani wakiwamo, mashirika yasiyohusika kabisa yalijikuta hatarini pia. Hapo wa kulaumiwa si mwandamanaji aliyeshindwa kuzitofautisha nembo. Ni aliyezifananisha.

Dola, wenyeji na mahakama

Wapo wanaosema ubishi wote huu ni wa wageni, na kwamba jukumu la kwanza ni la Congo. Kisheria wako sawa. Kwa vitendo, tarehe 30 Agosti 2023 wanajeshi wa Congo waliwafyatulia risasi Goma watu waliojiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO, na zaidi ya 50 wakafa. Wazalendo, waliokumbatiwa na serikali kama jeshi la akiba, wamelinda vijiji kadhaa na kuvitoza vingine vingi ushuru wa vizuizi. Kumpa raia bunduki pia kunamwondolea kinga: machoni pa sheria anayepigana hana ulinzi wa raia wakati anapopigana, na adui hupata kisingizio cha kuwaona majirani zake wote vilevile.

Ulinzi wa wenyeji uliofanikiwa zaidi hauna silaha. Ni simu ya chifu inayopigwa mapema, familia za Masisi na Minova zinazowapokea waliokimbia kabla shirika lolote halijafika, na mitandao ya tahadhari ambayo MONUSCO ilisaidia kuiunga vijijini. Mitandao hiyo huzaa matunda mahali ambapo askari wa kujibu simu yuko karibu. Umoja wa Mataifa ulipoondoka Kivu Kusini, Juni 2024, simu nyingi zilibaki bila wa kuzipokea.

Mahakama huchelewa. Ntaganda alihukumiwa miaka 30 mwaka 2019 kwa makosa ya Ituri ya 2002 na 2003. Kwa ubakaji wa Minova, uliofanywa na jeshi la serikali likirudi nyuma kutoka Goma mwaka 2012, askari 39 walishtakiwa, na waliotiwa hatiani kwa ubakaji wenyewe wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kamanda wa leo anaziona hesabu hizo kama sisi tunavyoziona.

Mizani

Hoja ya bunduki ina nguvu mahali padogo panapojulikana: kulinda kambi, mji au barabara na kubaki hapo. Inadhoofika kila inapogeuka kuwa msako wa kufukuzana msituni, na inashindwa kabisa pale nyuma ya waasi panapokuwa na dola ambayo hakuna anayeibana. Hoja ya kutoegemea upande ina nguvu kwa makundi yenye amri na yenye haja ya kuonekana kuwa na heshima, M23 wakiwa mfano. Inashindwa kwa majambazi, na kwa kundi kama ADF ambalo raia ndiye shabaha yake.

Kwa hiyo hazishindani. Kila moja ina eneo lake, na kosa ni kuitumia moja mahali pa nyingine. Wanaopigana wasifike na chakula. Wanaoleta chakula wasisindikizwe na jeshi ila pale wenyewe wameomba, njia nyingine zote zikiwa zimekwama. Mratibu wa misaada atolewe chini ya uongozi wa kikosi, hata kama Umoja wa Mataifa utapoteza urahisi wa kupanga mambo meza moja. Hasara ipo: uratibu utalegea, na lori litakaloviziwa bila askari litaleta lawama. Bado ni hasara ndogo kuliko ya Butembo.

Kinshasa nayo iache kuyaona mazungumzo ya mashirika na M23 kuwa usaliti. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu vita vya Januari 2025, waasi wakaamuru wakimbizi waliojazana kambini wahame ndani ya siku chache, na maghala ya WFP yakaporwa. Mtu anayeishi chini ya waasi hakuchagua kutawaliwa nao. Chakula chake hakiwezi kusubiri hadi mji ukombolewe.

Linabaki suala la wanaotuma askari, na hili linatuhusu moja kwa moja. Mabunge ya Dodoma, Cape Town na Lilongwe mara nyingi yamekuwa yakiarifiwa kuhusu vikosi baada ya kuondoka, au baada ya majeneza kurudi. Kabla ya kikosi kingine kuvuka mpaka, wabunge wadai majibu matatu kwa maandishi: kinakwenda kulinda eneo gani hasa, kitakaa hapo muda gani baada ya shambulio la kwanza, na ni nani anayembana mfadhili wa adui wakati askari wetu wako mahandakini. Kikosi kisicho na majibu hayo kisitumwe.